Damu Yangu Ilivyokimbia Lilongwe

Tangu nirudi, kila anayepita mbele ya cherehani yangu anasimama na kuuliza, "Papa Espe, ilikuwa je kule?" Nimeanza kusimulia mara nyingi, na kila mara nakatizwa kabla sijafika hata Lilongwe. Mmoja anataka kulitazama jicho kwa karibu, mwingine anaanza kusimulia safari yake mwenyewe, mwingine ananiuliza kama kweli nilianguka. Basi nimeamua kuandika. Msome, mpeane, na mwenye swali alitunze mpaka amalize.

Habari za ruhusa, mihuri na foleni za makaratasi siandiki. Hizo mnazijua kuliko mimi.

Kwa wale wapya kwenye kwaya yetu ya kanisa wasionijua vizuri: mimi ni fundi cherehani, mtu wa Fizi, Kongo, nina miaka hamsini na minane, na tisa kati ya hiyo nimeishonea hapa kambini Dzaleka, tangu nivuke kuja Malawi. Jicho langu la kushoto lilifunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia likaanza kufuata. Asubuhi mke wangu, Mama Espe, alikuwa ananitilia uzi kwenye sindano kumi na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji, nizitumie mpaka saa sita. Mara mbili nilitumwa Lilongwe kupasuliwa, na mara mbili nilirudishwa bila kuguswa, kwa sababu ya tansio. Waganga hawapasui jicho la mtu ambaye damu yake inasukuma kwa nguvu namna ile. Jicho linaweza kujaa damu likaharibika moja kwa moja. Nilipewa kidonge kimoja kwa siku, halafu viwili, halafu vitatu. Kila nikipimwa, namba zilikataa kushuka. Hii ilikuwa mara ya tatu, na mganga wa macho alikuwa amekuja kwa majuma mawili tu. Nikimkosa, sikujua atarudi lini.

Mpaka barabara ya lami

Tulitoka Jumatano asubuhi. Mama Espe alibeba sufuria, unga, blanketi na kifurushi cha ndakala, dagaa wetu wakavu, kwa sababu kwenye hospitali za huku mgonjwa anakwenda na mtu wa kumpikia. Mimi nilibeba mkoba mweusi wenye makasi yangu na shati moja. Nilipoinuka kitini kuufunga mlango, dunia ikazunguka, nikashika ukuta. Mama Espe akanitazama.

"Tena?"

"Ni njaa," nilisema. Wala haikuwa njaa, nilikuwa nimekula viazi vitatu.

Tulichukua kabaza mbili, yeye baiskeli yake na mimi yangu. Mwendeshaji wangu, mtu mzima mwenye mvi, aliniuliza ninaumwa nini. Nikamjibu kwa Chichewa changu cha sokoni kwamba ni macho. Nadhani alielewa kuwa mimi ni kipofu kabisa, maana tangu hapo alinitangazia njia nzima. "Mwala!" alipaza sauti, tukapanda juu ya jiwe. "Dzenje!" tukaingia kwenye shimo. Alitangaza kila kitu, ila hakukwepa hata kimoja. Nilipofika kwenye lami kiuno kilikuwa kimechoka, lakini maneno hayo mawili sitayasahau.

Kabichi na mchungaji wa bandia

Minibasi zilikuwa zimejaa, tukapanda matola, lori dogo lililobeba kabichi. Tulikaa juu ya magunia pamoja na mama mmoja mwenye mzigo, mnene na mchangamfu, aliyekuwa anazipeleka kabichi zake sokoni Lilongwe. Upepo ulikuwa mzuri. Hata nikaanza kuimba besi ya wimbo wa Jumapili, polepole.

Hatukwenda mbali, gurudumu la nyuma likapasuka. Dereva hakuwa na jingine. Akaliondoa, akalipakia kwenye baiskeli ya mpita njia, akatuahidi kurudi sasa hivi. Hiyo sasa hivi ilidumu tangu saa nne mpaka saa nane.

Tukakaa kwenye majani kando ya barabara. Yule mama alifungua kitambaa, akatukatia chikondamoyo, mkate ule wa unga wa mahindi na ndizi, ukiwa bado na harufu ya moshi. Mama Espe naye akatoa viazi. Tulikula kama watu wa nyumba moja. Halafu yule mama akanitazama, koti langu jeusi, shati la mikono mirefu lililofungwa mpaka kifundo cha mkono katika jua lile, mkoba mweusi magotini, akasema kwa heshima kubwa, "Abusa, mutipempherere."

Mama Espe akacheka mpaka akajifunika mdomo. "Anazani we ni pasta. Anataka uombee pneu."

Nikafungua mkoba nimwonyeshe makasi, ila mama yule alikwisha fumba macho na kuinamisha kichwa. Ningefanya nini? Niliomba, kwa Kiswahili, ombi zuri tu, na nikalitia hata lile gurudumu. Mama akasema amina. Gurudumu halikurudi ila baada ya saa mbili nyingine, lakini tulipoagana Lilongwe alinipa kabichi, na nikaipokea kama sadaka ya mchungaji.

Inakimbia kwenda wapi?

Tulifika hospitali karibu wanafunga. Muuguzi kijana, mpole sana, alinikalisha, akanifunga ule mkanda wa kupimia juu ya kiwiko, akaanza kuujaza hewa.

Sasa hapa lazima niwaeleze ninachosikia nikipimwa tansio, kwa sababu miaka yote nilidhani kila mtu anasikia hivyohivyo. Mkanda ukianza kubana, meno yanauma yenyewe. Mgongo unalowa. Masikio yanaziba kama mtu aliyezama mtoni, na miguu inataka kuondoka, hata kama mimi mwenyewe nataka kukaa. Halafu hewa inatolewa, na mimi ninakaa pale nikitabasamu kama mtu mwenye adabu.

Kijana alitazama namba, akapima tena, akasema, "Magazi akuthamanga kwambiri."

"Anasema damu yako inakimbia sana," Mama Espe alinitafsiria. Chichewa chake ni bora kuliko changu, anauza nyanya.

"Inakimbia kwenda wapi?"

Kijana akataka kujua nimesema nini. Alipoambiwa, akacheka, nami nikaongeza: nilikimbia Fizi, nikakimbia Uvira, nikavuka ziwa mpaka Kigoma, nikaja huku. Damu imejifunza kwa mwenye nayo. Tulicheka wote wawili. Mama Espe hakucheka.

"Anauliza kama unaogopa," alisema.

"Mwanaume wa Fizi aogope kipande cha kitambaa?"

Akapima mara ya tatu. Namba zilikuwa mbaya kuliko za kwanza. Akaenda kushauriana na wakubwa wake, akarudi na jibu: kidonge cha nne, nipumzike, nirudi Jumatatu. Kama Jumatatu damu bado inakimbia, basi tena, wengine walikuwa wanangoja nafasi.

Tulilala kwenye banda la wanaosindikiza wagonjwa. Jioni ile wanawake walipika nje, mafiga kwa mafiga, na Mama Espe alipofungua ndakala zake, mama mmoja akasema hizo ni usipa za ziwa la kwao. Mama Espe akasema ni ndakala, ni za Tanganyika, anazijua kwa macho. Wakabishana, kila mmoja kwa lugha yake, mpaka wakaamua kubadilishana bakuli na kuonja. Wakaonja, wakanyamaza, kila mmoja akaendelea kula bakuli la mwenzake. Mimi nilikula kabichi na nsima, ugali wa huku, nikameza kidonge cha nne, nikatazama moto kwa jicho langu moja, nikaona mioto miwili.

Siku nne Mitundu

Kurudi Dzaleka na kuja tena Jumatatu kungetuchosha, kwa hiyo Alhamisi tukaenda Mitundu kwa Bambo Chikondi. Huyu ni fundi mwenzangu, Mmalawi, tulijuana sokoni Dowa alipokuwa akishona sare za shule. Sasa amerudi kwao, analima na kushona kidogo. Tulimkuta barazani na cherehani yake imefunguliwa vipandevipande, na jambo la kwanza alilofanya ni kunikabidhi bisibisi.

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Mkewe alitupa thobwa, ule uji mwembamba wa mahindi na mtama unaokaribia kuchacha, na majani ya maboga yaliyotiwa unga wa karanga. Mama Espe alijifunza jinsi ya kuyatoa nyuzi. Mimi na Bambo Chikondi tulitengeneza cherehani, tukabaki na skrubu moja mkononi ambayo hatukujua ilitoka wapi, na cherehani ikashona vizuri kuliko mwanzo. Aliniuliza kwa nini sikunji mikono ya shati hata jikoni. Nikamwambia ni mazoea ya kwetu.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kung'oa karanga. Nilikuwa nimechuchumaa, nimefurahi, mikono imejaa udongo. Nikainuka kupeleka mafungu kwenye kikapu. Nakumbuka mbingu ilikuja upande wa kushoto. Baada ya hapo sikumbuki.

Walinipakia kwenye kibebeo cha baiskeli, Bambo Chikondi akiisukuma na Mama Espe akinishika shingo, mpaka kwenye kituo kidogo cha afya. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kitandani, mkanda wa kupimia umekwisha kufunguliwa, na mwanamke mmoja mwenye miwani anazitazama namba, anavitazama vidonge vyangu, anazitazama tena namba. Aliandika kwenye daftari langu la afya. Kisha akamwambia Mama Espe polepole, ili kila neno lifike: damu ya mtu huyu iko chini, chini sana. Vidonge hivi vimezidi. Asimeze hata kimoja mpaka Jumatatu afike Lilongwe, na daftari hili alionyeshe, asilisahau.

Alininywesha maji ya chumvi na sukari. Mama Espe alikaa pembeni ya kitanda, kilemba kimemwanguka, udongo wa karanga mpaka mashavuni.

"Kule wanasema damu iko juu. Huku iko chini," alisema. "Papa Espe, we uko na damu ngapi?"

 Nilijua jambo moja tu, kwamba kabla ya hapo nilikuwa nimeanguka mara mbili nyumbani Dzaleka, nikafikiri ugonjwa unazidi, nami nikaomba dawa zaidi. Nilikuwa naomba kuanguka tena.

Lilongwe tena: mkono wangu, pampu yangu

Jumatatu yule kijana hakuwa zamu. Tulipokewa na mama wa makamo, Sista Tamanda, mfupi, kalamu mbili kwenye nywele. Alisoma jina langu, akasema, "Shikamoo, baba."

Nilishtuka. Neno hilo sikuwa nimelisikia tangu Kigoma. Sisi kwetu hatulitumii sana, na kwa sekunde nzima sikukumbuka jibu lake.

"Marahaba," nikasema. "Kiswahili ulikitoa wapi?"

"Karonga. Mama yangu alikuwa anafanya biashara ya mchele na watu wa Kyela. Kaa hapa." Akafungua daftari. Alisoma ukurasa wa Jumatano, akasoma wa Jumamosi, akarudi wa Jumatano. "Baba, hapa kwetu damu yako iko juu ya paa. Mitundu iko chini ya kitanda. Na kule kambini iko juu ya paa mwaka mzima. Kule Mitundu ulikuwa unafanya nini walipokupima?"

"Mi sikuwa najua. Nilikuwa nimezimia."

 Akachukua mkanda, akausogeza mkononi mwangu, halafu akaacha.

"Umeacha kupumua," alisema.

"Mi?"

"Ndiyo, wewe. Sijafunga kitu bado. Nimekugusa tu hapa juu ya kiwiko."

Akaurudisha mkanda mezani, mbali na mimi. Akaniomba nikunje mkono wa shati. Nikasema kuna baridi. Akasubiri. Sijui kwa nini nilikunja. Labda ni kwa sababu hakuniomba mara ya pili. Pale juu ya kiwiko kuna alama, mstari unaozunguka mkono, ngozi nyororo isiyoota nywele. Mkono wa pili ni vilevile.

"Hapa palifungwa nini?"

Mama Espe alikuwa amesimama nyuma yangu. Miaka mingi nilimwambia ni pasi ya makaa.

"Kamba," nilisema.

Ninyi wengine mna yenu, kwa hiyo yangu nitayaandika kwa ufupi, kama nilivyoyasema pale. Nilikuwa shambani kwangu juu ya Fizi, nang'oa muhogo, pamoja na jirani zangu wawili. Watu wenye bunduki walitukuta. Walitufunga mikono nyuma, juu ya viwiko, wakatutembeza msituni siku sita. Kila jioni walikuwa wanapita kuzikaza kamba. Na ni wakati huo wa kukaza ndipo walikuwa wanachagua mtu. Ukisikia kamba inabana, hukujua kama ni kubana tu au ni zamu yako. Tulikwenda watatu. Nilirudi peke yangu.

 Miguu ilitaka kuondoka, ikawa inagonga meza ya Sista, kwe kwe kwe, mpaka nikayashika magoti kwa mikono.

Sista Tamanda hakusema pole mara kumi. Alisema mara moja, akasogeza kiti.

"Baba, mkanda huu unakaa palepale kamba ilipokaa. Unabana, unangoja, unabana. Wewe kichwani unajua uko hospitali. Moyo wako hausomi kalenda. Ukibanwa hapo, unajua kazi moja tu, kukimbia. Sisi tukaona namba, tukaongeza vidonge. Ukienda nyumbani moyo unatulia, vidonge vinabaki, unaanguka."

"Basi haiko ugonjwa?"

"Usiseme si ugonjwa. Hofu ikikaa ndani ya mtu miaka mingi, inaweza kupandisha damu kweli. Inaunguza tumbo, inakaza mgongo, inaiba usingizi. Wanakuja wengi hapa, tunatafuta kidonda hatukioni, na maumivu yao ni ya kweli kabisa. Hawadanganyi."

"Mtu mmoja wa kanisa alisema niko na pepo."

"Yeye aombe," alisema. "Mimi nipime."

Akachukua mkanda, akaniwekea mkononi niutazame. Nilikuwa sijawahi kuushika. Nikaukagua kama fundi: kitambaa kigumu, mshono wa mara mbili, mfuko wa mpira ndani. Kazi nzuri. Kisha akanipa kile kibofu cha kupuliza hewa.

"Jifunge mwenyewe. Pampu mwenyewe. Ukitaka kuacha, zungusha hapa, hewa inatoka. Hapa hakuna mtu atakayekukaza."

Mara ya kwanza niliacha katikati, nikafungulia hewa. Hakuna aliyenigombeza. Mara ya pili nilifika mpaka mwisho na namba zilikuwa bado juu, ila chini ya zile za Jumatano. Tukazungumza habari za mchele wa Kyela. Mara ya tatu nilipampu huku naimba besi kifuani, na Sista Tamanda, sikio kwenye kifaa chake, akanyoosha kidole nisubiri, halafu akatabasamu.

Akamwita mganga wa macho, mtu mrefu asiyesema sana. Hakuamini. Akataka irudiwe mbele yake. Nikarudia. Akaangalia namba, akaniangalia mimi na pampu yangu, akasema neno moja tu ambalo Sista hakuhitaji kunitafsiria, maana hata mimi Kiingereza hicho nakijua: tomorrow, kesho.

Vidonge vikarudishwa kuwa kimoja, na nikaonywa nisikiache kwa akili zangu, maana hata ikitulia, damu yangu si ya kijana.

Lakini chumba cha kupasulia kina mashine yake. Jumanne nililazwa, jicho likapigwa ganzi, uso ukafunikwa kitambaa cha kijani chenye tundu moja. Wakati huo mimi sioni kitu ila mwanga. Ndipo mkanda wa mashine ukaanza kubana wenyewe, bila mtu. Nilisikia majani. Nawaambieni ukweli, nilisikia harufu ya majani mabichi mle ndani, na miguu ikaanza kuondoka. Mganga akasimamisha mkono. Mtu mmoja akasema jambo kwa haraka.

Kisha mashine ikanyamaza, na mkanda ukalegea. Kitu cha mpira kikaingia kwenye kiganja changu chini ya shuka.

"Baba, ni mimi," alisema Sista Tamanda. "Shika. Nikikugusa bega, unapampu. Nisipokugusa, unalala."

Basi ndivyo nilivyopasuliwa. Nimelala chali, uso umefunikwa, jicho liko mikononi mwa mtu mwingine, na mimi mwenyewe napampu tansio yangu kila nikiguswa bega. Mara nne. Mara ya nne nilikuwa karibu kusinzia.

Jumatano walinifungua bendeji. Kitu cha kwanza nilichokiona kwa jicho la kushoto kilikuwa kola ya blauzi ya Mama Espe, aliyekuwa ameinama mbele yangu. Upande mmoja ulikuwa umepanda kuliko mwingine.

"Hii kola nani alishona?" nikamuuliza.

"Ni we."

"Mwaka gani?"

"Mwaka huu, Papa Espe. Na ya Mama Pasta ni hivyohivyo. Watu wote waliona, walikuwa wanakuheshimu tu."

Basi, wale wote mliovaa nguo zangu tangu Pasaka, zileteni. Nitazirekebisha.

Kurudi

Sista Tamanda aliandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa, kwamba mgonjwa huyu apampu mwenyewe. Akaniandikia pia jina la mtu wa hapahapa kambini anayezungumza na watu wenye mizigo ya namna yangu, kila Alhamisi. Nilikuwa nimepita mbele ya mlango wake mara mia nikidhani ni mahali pa kugawia vyandarua.

Alhamisi tukarudi kwa minibasi, safari fupi, bila jambo la kusimulia. Hata nilisikitika kidogo. Nilitamani gurudumu lipasuke tuzungumze. Mama Espe alikuwa kimya tangu Jumatatu. Alipika, alinipa dawa za matone kwa saa zake, alicheka ile habari ya kola, lakini chini ya hayo alikuwa kimya.

Tuliposhuka, kabaza hazikuwepo, tukaanza kutembea. Jua lilinichoma jicho jipya, nikawa najikwaa. Alinyoosha mkono anishike, halafu akaurudisha.

"Miaka yote hii," alisema, "tukitoka kanisani nikikushika mkono, unauondoa. Mbele ya batu. Mi nilizani unaniona haya."

Nilisimama barabarani. Katika yote niliyodhani kamba ile imenichukulia, hilo sikuwahi kulihesabu.

"Hapana, Mama Espe. Hata siku moja."

"Sasa nimejua. Nikushike wapi?"

Nikafikiri, maana lilikuwa swali la kweli. Nikampa kiganja. "Hapa."

Tukaenda hivyo mpaka nyumbani, sufuria kichwani mwake, na mliotuona mkashangaa watu wazima wanashikana mikono kama wachumba. Msishangae tena. Usiku wa siku hiyo nililala kama gunia.

Siku ya pili

Nilifikiri nitaishia hapo. Lakini Ijumaa, nikiwa nimeanza kazi ya kuifumua kola ya Mama Espe, alikuja jirani yangu mmoja, mtu wa Rwanda, jina lake siandiki. Alileta sketi ya kupunguza kiuno, mara ya tatu mwaka huu, kwa sababu anazidi kukonda. Tumbo lake mnalijua. Limempeleka kwa waganga wote, wa vidonge na wa mizizi. Nilipima, nikatia alama ya chaki. Hakuondoka. Mama Espe alikuwa amekwisha kumwambia habari ya kamba, naye akashika ukingo wa meza ya cherehani.

"Walipokuuliza," alisema, "ulianza na neno gani?"

"Neno moja tu. Mengine yalikuja yenyewe."

"Liliuma?"

"Hilo la kwanza ndilo linauma."

Alitazama nje, kule watu wanakopita na ndoo za maji. Baadaye aliniruhusu niandike neno lake la kwanza tu, na yaliyofuata ni yake mwenyewe.

"Yangu ni mvua," alisema.

Nikatoa mguu kwenye pedali, nikamsogezea kiti.